Programu ya mizani imegoma baada ya kuapdeti seva, naombeni msaada

Ghala_Kizota
Wakuu, habari za asubuhi. Niko Kizota, Dodoma, kwenye ghala la alizeti. Seva yetu ni Debian (aina ya Linux), inaendesha programu ya mizani: lori likipanda, uzito unaingia na risiti inatoka. Jana usiku niliapdeti, leo huduma haiwaki. Malori ya Kongwa na Bahi yamepanga foleni, karani anaandika kwa mkono, wakulima wananung'unika na wana haki. Logi inamalizia hivi:

`Failed at step NAMESPACE spawning /usr/bin/mizani: No such file or directory`
`status=226/NAMESPACE`

Faili hilo lipo! Nikiliendesha mwenyewe kwa sudo linafanya kazi vizuri. Aliyetufungia mfumo yuko Singida, simu haipatikani.

Chinangali
Mkuu, futa mistari yote ya ulinzi ya ProtectSystem kwenye mipangilio ya huduma, itawaka tu.

FundiMakole
Ndugu yangu Chinangali, hapana. Seva hiyo inatunza uzito ambao watu wanalipwa kwa huo. Ulinzi ubaki.

Ghala_Kizota, ujumbe huo unapoteza wengi. Unataja programu, lakini kilichokosekana kwa kawaida ni folda. Kabla ya kuwasha programu, systemd, yaani msimamizi wa huduma kwenye Linux, huijengea uzio: ProtectSystem=strict inafanya karibu diski nzima isomeke tu, halafu ReadWritePaths inafungua folda chache za kuandikia. Folda moja iliyotajwa humo isipokuwepo, uzio haujengeki na programu haianzi kabisa. Kwa sudo inakubali kwa sababu huko hakuna uzio. Tazama mstari wa juu yake kwenye logi, `journalctl -u mizani -b`, kisha tuletee mipangilio ya huduma, `systemctl cat mizani`.

Ghala_Kizota
Mstari wa juu unataja /var/spool/mizani. Na kweli, folda hiyo haipo. Kwenye cat kuna sehemu mbili: ya chini inatoka /etc/systemd/system/mizani.service.d/override.conf na ina `ReadWritePaths=/var/spool/mizani`. Ya juu imetoka na toleo jipya, inataja /var/lib/mizani.

FundiMakole
Basi ndiyo hiyo. Toleo jipya limehamisha folda, ila kilichoandikwa /etc na fundi wenu apdeti haikigusi. Andika `sudo systemctl edit mizani`, badilisha njia iwe /var/lib/mizani, hifadhi. Hakikisha kwa `ls -ld` kwamba folda ni ya mtumiaji yule yule aliyetajwa kwenye mstari wa User= wa mipangilio hiyo. Halafu `sudo systemctl reset-failed mizani`, maana imeshajaribu mara nyingi na inaweza kukataa kuanza, kisha restart.

Bi_Nzuguni
Naongezea, kaka: folda isiyo ya lazima iwekee alama ya kutoa mbele, `ReadWritePaths=-/njia`. Ikikosekana, systemd inairuka na huduma inaendelea kuwaka.

Ghala_Kizota
Imewaka! Lori la Kongwa limepimwa sasa hivi, risiti imetoka. Mungu awabariki sana. Zile za daftari niziingize sasa?

FundiMakole
Subiri foleni iishe, na kila moja iandike kwa saa yake halisi.