Tupeane uzoefu: ibada na utulivu wa moyo kwa Muislamu anayetibiwa saratani Mwanza

Mwanzisha mada
Asalaam alaykum wanajamvi. Wagonjwa wa saratani Kanda ya Ziwa wengi huishia Bugando, hospitali ya rufaa iliyo kilimani hapa Mwanza. Ukikaa nao unaona kinachowamaliza si dawa peke yake. Swala zimekatika, saumu imewapita, halafu jirani anapanda kuja kumwona na kumwambia "tubu, hiyo ni adhabu". Mashekhe, wauguzi na wanaouguza, wekeni hapa kinachosaidia. Visa vya kuliza tuviache, tupeane maelekezo.

Ustadhati wa Mabatini
Waalaykum salaam. Kwa akina mama naanza na damu, maana saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini. Inatoa damu bila mpangilio, mgonjwa anaihesabu hedhi, anakaa miezi haswali na anajiona ametupwa. Damu ya ugonjwa ni istihadha, si hedhi, na haizuii swala. Mwenye ada (mzunguko wa hedhi) inayojulikana ahesabu siku zake za kawaida, zikiisha aoge josho. Baada ya hapo, kwa kila faradhi: wakati uingie kwanza, ajisafishe, aweke pedi safi, atawadhe, aswali papo hapo. Ikivuja katikati ya swala haidhuru. Wengi hukosea kwa kutawadha adhuhuri na kuutumia udhu huohuo alasiri. Mwenye mpira wa mkojo au mfuko wa choo tumboni naye atawadhe kila faradhi ikiingia. Ada ikivurugika kabisa aulize, asijikatie hukumu.

Muuguzi Ilemela
Naongezea kwenye maji. Alama za wino za mionzi zisisuguliwe, zikifutika vipimo vinarudiwa. Ukiambiwa usiloweshe sehemu fulani, kwa madhehebu ya Kishafii unaosha palipo pazima na kutayamamu (kujipaka vumbi la udongo safi badala ya maji) kwa ajili ya pale. Udongo wa tayamamu uwe mkavu na safi, weka kwenye kimfuko chako, si ule kuku wanapoparua.

Kombe (aya zinazoandikwa kwa zafarani, zikafutwa kwa maji mgonjwa akanywa): chemsha maji, yapoe, ndipo yafute zafarani. Ya ziwani mabichi hapana. Dripu za saratani hushusha chembe nyeupe za damu, mara nyingi wiki ya pili ndiyo mbaya zaidi, na kijidudu kidogo kinaweza kumlaza mtu. Kipimajoto kikisoma 38, hospitali saa hiyohiyo hata usiku wa manane. Ruqya, kisomo cha kumwombea mgonjwa, isomwe njiani.

Mjomba wa Nansio
Na Ramadhani, dada? Wazee wetu Ukerewe hawataki kusikia habari ya kula mchana.

Muuguzi Ilemela
Mjomba, anayepigwa mionzi ya nyonga huambiwa anywe maji kibofu kijae, ili utumbo usogee mbali na mionzi. Dripu ya saratani iitwayo cisplatin bila maji ya kutosha inaumiza figo. Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, hunywewa kila baada ya saa 4. Hapo saumu inaingiaje? Kidonge cha mara moja kwa siku, kama tamoxifen, kinaweza kuhamia futari, ila muulize daktari kabla mwezi haujaandama.

Maalim wa Kirumba
Aya za Al-Baqara 184 na 185 zimeshamaliza mjadala: mgonjwa ana ruhusa ya kula. Anayetarajiwa kupona atalipa kadha, yaani atafunga siku zilizompita. Asiyetarajiwa atoe fidia, kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku kwa maskini. Robo tatu ya kilo ya mchele inatosha. Mofini ya daktari kwa maumivu si ulevi. Inafunga choo, kwa hiyo idai pamoja na dawa ya kulainisha.

Sasa moyo. Mnaomwambia mgonjwa "usilie, kuwa na subira", someni Sura Yusuf: Nabii Yaakub alilia hadi macho yakawa meupe, na bado huzuni yake alikuwa akiipeleka kwa Mola wake. Kulia hakuvunji subira. Lakini mgonjwa akizama wiki mbili mfululizo, halali, hataki kula, hataki watu, ameacha hata dhikri aliyoipenda, huo ni ugonjwa wa pili na una dawa zake. Mwambieni daktari wa saratani, msiishie kumsomea. Akitamani kufa msimkaripie. Muulizeni waziwazi kama amefikiria kujidhuru. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa zikae kwa mwingine, apelekwe hospitali siku hiyo. Dua ya kumfundisha ipo kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim: "Ee Allah, nihuishe maadamu uhai ni kheri kwangu, na unifishe kifo kikiwa kheri kwangu."

Bugando ni ya Maaskofu Katoliki kwa ubia na Serikali, basi imamu wa mtaa wenu mwiteni wenyewe. Mgeni akae dakika kumi, asome, aondoke.

Abu wa Bukoba
Maalim, tunaovuka kuja Mwanza kwa mionzi tunapunguza swala za rakaa nne ziwe mbili?

Maalim wa Kirumba
Njiani ndiyo. Ukishanuia kukaa siku 4 kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, Kishafii unaswali kamili, na mionzi ni ya wiki kadhaa. Kuchanganya adhuhuri na alasiri kwa sababu ya ugonjwa, Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii, aliiona kauli ya kuruhusu kuwa na nguvu. Ukishindwa kusimama kaa, ukishindwa kukaa lalia ubavu.