Tamthilia ya majasusi wa Vita Kuu: mmekuja Kusini, mmechukua historia yetu, wenyewe mmetuacha nje

Wakuu,

Nimeivumilia tangu sehemu ya kwanza nikijiambia huenda mbele itatengemaa. Wiki hii wamefunga msimu, na sasa nasema wazi: wametukosea sana watu wa Lindi na Mtwara. Nazungumzia ile tamthilia ya majasusi wa Vita Kuu ya Kwanza, iliyopigiwa debe kila kona kwamba safari hii historia ya Kusini inakuja kwenye runinga. Jina lake silitaji. Walioiangalia wanaijua, na ambao hawajaiangalia hawajapoteza kitu.

Kisa chenyewe kwa kifupi: mwaka 1916 meli ya Wajerumani inazikwepa manowari za Waingereza na kushusha silaha pwani ya huku. Waingereza wanamtuma nesi mrembo aje kupeleleza. Nesi anapendana na ofisa wa Kijerumani. Kuanzia hapo ni wawili hao kutazamana, kufichiana barua na kulia ufukweni. Wenyeji wamo, tena wengi, wanapita nyuma yao na mizigo.

Hebu angalieni majina yanayopita mwisho wa kila sehemu. Kila Mzungu ana jina na cheo, hata mpishi wa melini aliyetamka sentensi moja. Ukishuka chini unakuta Mpagazi wa Kwanza, Mpagazi wa Pili, Mwanamke Sokoni, Mzee Mwenye Fimbo. Nilisimamisha picha nikasoma mpaka mstari wa mwisho. Mtu mweusi aliyepewa jina ni askari mmoja tu, Juma, na huyo wamemuua mapema kabisa. Kazi yake yote ilikuwa kusema "Ndiyo, bwana" na kufa mbele ya nesi ili nesi apate cha kulilia.

Kinachoniuma ni kwamba meli ile ni ya kweli. Iliitwa Marie, na iliingia Ghuba ya Sudi mwezi Machi 1916 ikiwa na mizinga, bunduki, risasi, dawa na nguo za jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki. Waingereza walipokuja kuipiga mizinga mwezi Aprili, mzigo ulikuwa umeshashushwa, na meli yenyewe ikawatoroka ikakimbilia bahari ya mbali. Sasa jiulizeni: mzigo ule uliondokaje Sudi? Hapakuwa na reli, hapakuwa na lori. Uligawanywa ukawa mizigo ya kubebeka na mtu mmoja mmoja, ukaenda bara kwa vichwa na mabega ya maelfu ya watu, safari ya mamia ya kilomita.

Maelfu ya watu, wakuu! Hiyo ndiyo siri ya vita waliyoshindwa kuiona. Kila mpagazi alijua kilichomo kwenye sanduku lake, au aliweza kukisia kwa uzito. Kila mvuvi wa Sudi aliiona meli. Kila mwanamke aliyeteka maji njiani aliuona msafara ukipita. Nani alinyamaza? Nani alikwenda kusema, na kwa nani, na kwa malipo gani?

Na kumbukeni ni mwaka gani huo. Vita vya Maji Maji vilianza 1905, vikafika Liwale, Masasi, mpaka misheni ya Nyangao ikachomwa moto. Wajerumani walivizima kwa kuchoma vijiji, ghala na mashamba, watu wakafa kwa njaa. Kijana wa miaka 20 aliyetwishwa risasi za Mjerumani pale Sudi alikuwa mtoto wa miaka tisa au kumi wakati wa njaa ile. Pengine alizika wazazi wake kwa sababu ya jeshi lile lile. Anabeba huku bahari iko mgongoni kwake, na anajua Mwingereza yuko huko nje ana hamu ya kusikia. Huyo ndiye jasusi wangu! Mwenye sababu ya kusaliti, mwenye familia ya kuhofia, anayeishi kati ya watu ambao wengine ndugu zao ni askari wa Mjerumani. Mwandishi aliyekuwa na akili timamu angekaa na kijana huyo msimu mzima. Wao wamempa jina la Mpagazi wa Pili.

Msiniambie hakuna ushahidi kwamba Waafrika walifanya kazi ya ukachero. Richard Meinertzhagen, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa Waingereza Afrika Mashariki, alisimulia mwenyewe jinsi makachero wake Waafrika walivyokuwa wakimletea karatasi zilizotupwa kwenye vyoo vya kambi za Wajerumani: barua, amri, vipande vya taarifa ambavyo maofisa walivitumia kujisafishia. Mtu huyo baadaye ametiwa doa kwa uongo mwingi, sawa, lakini hata yeye mpenda sifa hakuthubutu kusema aliingia vyooni mwenyewe. Chukueni na Königsberg, ile manowari iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Anayesifiwa kuipata ni mwindaji Pretorius, na Pretorius hakutembea peke yake kwenye mikoko ile. Alitegemea watu waliozijua njia za maji. Hiyo ndiyo kazi ya ujasusi ilivyokuwa huku. Nesi wa kutoka Ulaya angepita wapi Sudi bila kijiji kizima kujua kabla jua halijazama?

Nije kwenye makosa yaliyonifanya nizime runinga mara kwa mara.

Meli yao haishushi mzigo Sudi, inashusha "bandari ya Mtwara", kwenye gati refu la zege. Mwaka 1916! Bandari ya Mtwara ni mambo ya baada ya Vita Kuu ya Pili, ilikuja na ule mpango wa Waingereza wa kulima karanga na kufunguliwa miaka ya 1950. Wakati wa Mjerumani mji wa kuhesabika upande huo ulikuwa Mikindani, na Boma lake la mwaka 1895 lipo mpaka leo, wangeweza kwenda kulipiga picha. Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Ameandika kwenye daftari lake la historia kwamba Marie ilitia nanga bandari ya Mtwara, kwa sababu ameona kwenye runinga. Nimemkalisha chini nikamfuta uongo huo mmoja. Watoto wengine wanafutwa na nani?

Halafu kuna lile tukio la nesi kujificha kwenye shamba la mikorosho. Mikorosho imepandwa kwa mistari iliyonyooka kama ya chama cha ushirika, na mabibo mekundu yananing'inia usoni kwake. Mashamba makubwa ya korosho huku ni ya miaka ya baadaye sana, hilo moja. La pili, kisa kinatokea Machi. Machi mwenye korosho gani Mtwara au Lindi ana mabibo mtini? Machi ni mvua, ni udongo unaoshika miguu, ni mito imejaa. Kwao ardhi ni kavu, vumbi linatimka nyuma ya farasi. Mtoto yeyote wa Tandahimba angewaambia, lakini nani alimuuliza?

Na wapagazi wenyewe. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kilo 25 mpaka 30. Kwenye tamthilia wanapita na masanduku ya risasi begani, mkono mmoja unaning'inia, shingo imenyooka, hakuna aliyeweka ngata kichwani, hakuna anayehema. Masanduku matupu kabisa, yanaonekana. Kuna mmoja sehemu ya nne analihamisha sanduku bega hadi bega kama anahamisha mto wa kulalia. Watu walikufa chini ya masanduku hayo! Wanahistoria wanakadiria wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake kuwa karibu 100,000, wengi wao kwa njaa, kuhara na homa. Hata Mwingereza, pamoja na ukoloni wake, aliposimamisha sanamu ya Askari pale Dar es Salaam mwaka 1927 aliandika, tena na kwa Kiswahili, kwamba wapagazi ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Waandishi wetu wa leo, Waafrika wenzetu, wameshindwa hata kuweka uzito kwenye sanduku.

Askari wanaongea Kiingereza na ofisa wa Kijerumani. Kiingereza! Utawala wa Mjerumani ulitumia Kiswahili kwa maakida, makarani na askari. Ofisa aliyekaa miaka huku alitoa amri kwa Kiswahili. Tamthilia inarushwa kwa watazamaji wa Kiswahili, ilikuwa nafasi ya dhahabu, wakaipoteza. Na Kiswahili kidogo wanachoongea wenyeji ni cha vijiwe vya Dar vya leo.

Akina bibi wa Kimakonde wenye ndonya (kile kipambo cha mdomo wa juu) na chale usoni wametumika kutisha. Kila nesi anapoota ndoto mbaya, anatokea bibi mwenye ndonya gizani na ngoma inalia. Bibi mzaa baba yangu alikuwa na ndonya. Alikuwa mtu mpole, alilima, alilea wajukuu. Kwa hili sina maneno ya kistaarabu, bora niishie hapa.

Mwaka juzi timu yao ilifika Sudi na Mikindani. Walikaa na wazee barazani, wakarekodi, wakaahidi kwamba majina na simulizi zao vitaingia. Mzee mmoja, jirani yetu, aliwaeleza alivyosimuliwa na babu yake jinsi mzigo ulivyopita kijijini na wanaume walivyochukuliwa usiku. Alizungumza mpaka sauti ikamkauka. Sehemu zote zimekwisha na hakuna hata kivuli cha simulizi yake. Vijana wa hapa waliopelekwa kujaza picha wanasema walilipwa posho ya siku wakaambiwa wasiangalie kamera.

Najua mtakuja kuniambia "mkuu, hiyo ni burudani, sio darasa". Sikatai burudani. Nataka burudani nzuri! Kisa cha kweli kina msisimko kuliko walichobuni. Wareno waliivuka Ruvuma mwaka 1916, wakaingia Newala mwezi Oktoba, Novemba wakafurushwa. Mahiwa, Oktoba 1917, siku nne za mauaji makubwa, Wanaijeria walioletwa na Mwingereza wanapambana na askari wa Mjerumani kwenye ardhi ya Wamwera, hatua chache kutoka Nyangao ile ile iliyochomwa wakati wa Maji Maji. Mwezi uliofuata von Lettow-Vorbeck akavuka kwenda Msumbiji na jeshi lililokwisha risasi. Na habari kwamba vita vimekwisha Ulaya alizipata Novemba 1918 kutoka kwa tarishi wa Kiingereza aliyekamatwa na barua zake. Nani anahitaji kubuni mapenzi ya kulazimisha hapo?

Wamesema msimu wa pili utahusu Mahiwa. Wakitaka tuwaamini, wapeleke waandishi Mtama na Nyangao kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza, wamweke mwandishi wa Kusini kwenye chumba chao, wampe mpagazi jina, mke, kijiji na uamuzi wa kufanya. Na warudi Sudi wakamwombe radhi yule mzee, angali hai.

Wenye simulizi za wazee wenu wa Newala, Masasi, Mtama, Kilwa, Mikindani, wekeni hapa chini. Majina ya vijiji, njia mizigo ilikopita, nani alichukuliwa, nani alirudi. Nitazikusanya zote, na timu yao ikishuka tena huku nitakwenda kuwakabidhi mkononi.