Waandishi wa riwaya na tamthilia za kale, nani kawaambia bibi zetu wa Unguja na Pemba hawakuwa na mali?

Habari zenu wakuu. Nimekaa na hili tangu juzi, nimeona nisipolisema litanikaba.

Kuna tamthilia ya kihistoria, sitaitaja. Mahali ni Unguja, na mwaka wameuandika kabisa kwenye kioo: 1865. Mume kafa. Eda haijaisha, shemeji anaingia, anamtupia mjane bunda la nguo uani na kumwambia hana chake humu ndani. Mjane analia, anaondoka. Basi! Hakuna anayemtaja kadhi. Hakuna hata jirani mmoja wa kuuliza thumni ya huyu mama, fungu lake la moja ya nane, iko wapi. Nikawaandikia walioitengeneza. Wakanijibu kwamba watazamaji wanampenda mjane asiye na kitu.

Asiye na kitu vipi? Hukumu za mirathi za Unguja ile zilikuwa za Kiislamu. Mume akiacha watoto, mjane ana thumni. Asipoacha, ana robo. Binti anapata nusu ya fungu la kaka yake. Ni pungufu, sikatai, lakini ni lake. Akiolewa linabaki lake, mahari ni yake, na mume hana haki ya kuligusa bila ridhaa yake. Mwaka huohuo 1865 huko Uingereza mwanamke akishaolewa mali yake inaangukia mikononi mwa mume. Sheria ya 1870 ndiyo iliyomwachia kwanza ujira wake mwenyewe, na mpaka 1882 ndipo mke akaweza kumiliki mali kwa jina lake.

Sasa soma riwaya za Waingereza za karne ile. Nyumba na ardhi vimefungwa kwa mrithi wa kiume, mama halali usingizi mpaka mabinti waolewe, na mwenye fedha kidogo anawindwa na wanaume wanaojua kwamba siku ya harusi fedha inahama. Visa vile vilitoka kwenye sheria yao, vina mantiki yake kwao. Sisi tumevichukua vizimavizima, tukavivisha kanzu na kilemba, tukasema hii ndiyo historia yetu. Hilo ndilo linaloniuma.

Mtazameni Sayyida Salme. Kila anayemgusa anaandika binti wa Sultani aliyetoroka na Mjerumani kwa mapenzi. Mapenzi yalikuwepo, sawa. Lakini baba yake, Seyyid Said, alipofariki 1856, msichana yule alipata shamba lenye nyumba, na fedha juu yake. Mama yake, aliyekuwa suria, yaani mjakazi aliyewekwa na bwana wake kama mke, alipokufa 1859, akarithi mashamba mengine. Kuandika alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwa wino kwenye mfupa wa bega la ngamia. Kalamu hiyohiyo ikawaandikia barua watu wa kaka yake Barghash walipompinga Majid, kaka yao aliyekuwa Sultani. Aliondoka 1866, akabatizwa na kuolewa Aden 1867, na 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu Hamburg, akamwachia watoto watatu. Mwaka 1885 alirudi Unguja ndani ya meli ya Wajerumani, miaka 19 baada ya kuondoka, na alichokuja kudai ni mirathi yake kwa ndugu zake waliokufa. Barghash, sasa yeye ndiye Sultani, akakataa, kwa kuwa dada yake aliacha dini. Akaja tena 1888. Huyo ni mwanamke aliyepigania mafungu yake kwa miaka, na mwandishi anatupa busu gizani na meli inayotweka nanga!

Na dada yake, Bi Khole, mwenye shamba la Bungi? Mnapita chini ya miembe yake kila mkienda kusini.

Mimi ni mtu wa Pemba. Bibi yangu alikuwa na karatasi ndani ya kibweta, imekunjwa mpaka mikunjo ikatoboka, kwa herufi za Kiarabu. Ilisema mikarafuu 14 ni yake, kaka zake wawili 28 kila mmoja. Kwetu mti unaweza kuwa wa mtu na ardhi ya mwingine, kwa hiyo bibi aliijua mikarafuu yake mmoja mmoja: huu karibu na kisima, ule uliopigwa na radi. Msimu wa karafuu alikuwa akiteremka mwenyewe, anasimama chini ya mti wake, anahesabu pishi zinazoshuka. Kaka yake mkubwa alimbembeleza miaka na miaka amwachie. Hakumwachia.

Niambieni kama hicho si kisa. Kaka anamshinikiza dada asidai fungu. Wakili anamwibia bibi aliyekaa ndani. Binamu wanaozwa ili shamba lisitoke nje ya ukoo. Shamba linawekwa rehani kwa tajiri wa Kihindi, mke anakataa lake lisiunganishwe na deni la mume. Wanawake walidhulumiwa, tena sana, lakini anayedhulumiwa chake analijua jina la chake, na anakwenda kwa kadhi akilitaja.

Na msije mkaniambia nawapamba. Mabibi wenye mashamba wengi walikuwa na watumwa, waliochuma karafuu zile bila kumiliki hata mwili wao. Amri ya 1897 iliyofuta utumwa Unguja na Pemba iliwaacha masuria nje mpaka 1909. Yawekeni na hayo. Mmiliki mwanamke na mjakazi wake ndani ya nyumba moja, hakuna mwandishi anayethubutu kuingia humo, kwa sababu wote wamekwishaamua mwanamke wa pwani ni wa kulia dirishani tu.

Nyaraka ziko pale Kilimani, Unguja, kwenye jumba la nyaraka za Zanzibar. Hati za kuuza, za rehani, za wakfu, na majina ya wanawake yamo. Mwandishi anayeandika tarehe 1865 kwenye kioo aende akazisome kabla hajamtoa mjane nje na bunda la nguo.

Na wenye hati za bibi zao majumbani, elezeni hapa zilisema nini.