Posho ya ulemavu ya mama mdogo aliyeko Uingereza: akifika umri wa pensheni itakuwaje?

Mpwa wa Uyole

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Naandika kutoka Uyole, Mbeya, kwa niaba ya familia yetu, kwa kuwa tunalo jambo ambalo kila mtu hapa nyumbani analisemea lake na hakuna mwenye uhakika. Mama yangu mdogo alikwenda Uingereza mwaka 2001, akafanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba binafsi mjini Leicester hadi mwaka 2019, alipopatwa na kiharusi kilichomwacha na udhaifu wa upande wa kushoto. Tangu hapo anaishi kwa malipo ya aina mbili. La kwanza ni posho ya ulemavu iitwayo PIP, ambayo analipwa kwa kiwango cha kawaida katika sehemu zake zote mbili, ya matunzo ya kila siku na ya mwendo. La pili ni msaada wa kipato uitwao Universal Credit. Ni mjane, anaishi peke yake, na ana uraia wa kule.

Alizaliwa tarehe 12 Novemba 1960. Mjomba anashikilia kwamba akitimiza miaka 66 posho ya ulemavu itakatwa, kwa sababu serikali haiwezi kumlipa mtu mmoja ulemavu na uzee kwa pamoja. Dada yangu anasema hakuna kitakachobadilika. Mama mdogo mwenyewe anataka kurudi Rungwe, kwenye nyumba aliyoijenga karibu na Tukuyu, na anauliza kama malipo yatamfuata. Tunaomba mwenye kuujua utaratibu huo atufafanulie kabla hajakata tiketi, maana tunaogopa asije akaamua kwa maneno ya kusikia.

Mwana wa Mwakaleli

Marahaba, mpwa. Mimi niko huku Birmingham na mara nyingi huwasaidia wenzetu kujaza fomu hizi, kwa hiyo nitaeleza kwa utaratibu.

Kwanza, mama mdogo hataingia umri wa pensheni atakapotimiza miaka 66. Umri huo unapandishwa kwa hatua kutoka 66 hadi 67 kati ya mwaka 2026 na 2028, na waliozaliwa kati ya tarehe 6 Novemba na 5 Desemba 1960 wanaufikia wakiwa na miaka 66 na miezi 8. Siku yake, kwa hiyo, ni tarehe 12 Julai 2027. Tarehe hiyo iandikeni mahali pa kuonekana, kwa sababu mambo mengi yanageuka kutegemea yametendeka kabla yake au baada yake.

Pili, mjomba hayuko sahihi kuhusu PIP. Anayeipokea tayari anapofika umri wa pensheni huendelea kuipokea pamoja na pensheni yake, na haikatwi hata senti kwa ajili ya pensheni hiyo. Kinachokoma ni Universal Credit, kwa kuwa ni msaada wa watu walio katika umri wa kufanya kazi. Mahali pake panachukuliwa na pensheni ya serikali, na kwa mwenye kipato kidogo panaongezwa msaada mwingine uitwao Pension Credit.

Kosa la dada yako, naye, ni hili ambalo naomba mlizingatie kuliko yote. Baada ya umri wa pensheni, sehemu ya matunzo ya PIP inaweza kuongezwa hali ikizidi kuwa mbaya, lakini sehemu ya mwendo haiongezwi, wala asiyekuwa nayo hawezi kuipata upya. Aliye katika kiwango cha kawaida cha mwendo siku ile atabaki hapo hata akifikia kutoinuka kitini. Kwa viwango vya mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025, kiwango hicho ni pauni 29.20 kwa wiki na cha juu ni pauni 77.05, nayo tofauti ya karibu pauni 48 kila wiki kwa maisha yake yote si jambo dogo kwa mtu wa hali yake. Je, mwendo wake ukoje sasa? Kama kwa siku nyingi hawezi kutembea zaidi ya mita 20, hata kwa mkongojo, anastahili kile cha juu, na taarifa ya mabadiliko inapaswa kutolewa mapema, kwa sababu hali mpya huhitajika iwe imedumu miezi 3 na itarajiwe kudumu mingine 9. Asifanye hivyo bila kushauriana na mtu, hata hivyo. Mapitio hufungua faili lote, na wapo waliopunguziwa sehemu nyingine walipoomba kuongezwa moja. Shirika la Citizens Advice hushauri bila malipo, na ripoti ya daktari au ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo iwe mkononi kabla hajapiga simu.

Msomaji mwingine ambaye ndugu yake hana PIP kabisa aelewe pia kwamba maombi mapya ya PIP hayapokelewi baada ya umri huo. Aliyepatwa na ulemavu uzeeni huelekezwa kwenye posho ya matunzo iitwayo Attendance Allowance, ambayo haina sehemu ya mwendo hata kidogo. Wanaoishi Scotland wana posho zao zenye majina mengine.

Kuhusu fedha za kuishi, ni lazima aiombe pensheni, kwa maana haiji yenyewe. Anahitaji angalau miaka 10 ya michango ya bima ya taifa ili apate chochote, na 35 ili apate kamili, ambayo kwa mwaka huo wa fedha ni pauni 230.25 kwa wiki. Miaka aliyolipwa Universal Credit huhesabiwa kana kwamba alichangia.

Mpwa wa Uyole

Ahsante sana, baba. Nimempigia simu jana. Taarifa aliyopewa inaonyesha kwamba atakuwa na miaka 25 ya michango. Kuhusu mwendo, anasema tangu mwaka jana hafiki kwenye lango la nyumba bila kupumzika mara mbili, na hajawahi kuwaambia wahusika, kwa hofu ya kuonekana mlalamishi. Je, miaka 25 inampa kiasi gani? Na habari ya kurudi Rungwe je?

Mwana wa Mwakaleli

Kwa viwango vile vile vya mwaka ulioanza Aprili 2025, miaka 25 kati ya 35 ni kama pauni 164 kwa wiki. Kwa kuwa yuko peke yake, Pension Credit ingemfikisha kwenye pauni 227.10, na anaweza kustahili nyongeza ya ulemavu mkubwa juu yake, kwa sababu anapokea sehemu ya matunzo ya PIP na anaishi bila mtu mzima mwingine, mradi asiwepo anayelipwa posho ya kumhudumia. PIP haihesabiwi kuwa kipato katika hesabu hii. Maombi ya Pension Credit huanza kupokelewa miezi 4 kabla ya siku ya kufikia umri wa pensheni.

Mwambieni pia, kwa upole, kwamba kueleza mwili wake ulivyo si kulalamika. Fomu ile inauliza anachoweza kufanya katika siku za kawaida, na jibu la kweli ni haki yake.

Mstaafu wa Kihesa

Nawasalimu kutoka Iringa. Nilimshughulikia ndugu yangu aliyerejea kutoka huko akiwa na ulemavu, kwa hiyo nitajibu upande wa kurudi.

Pensheni ya serikali ya Uingereza hulipwa hata anayeistahili akiwa Tukuyu. Lakini Tanzania haimo katika nchi ambazo pensheni hiyo hupandishwa kila mwaka, kwa hiyo kiwango atakachokuwa nacho akihama ndicho atakachobaki nacho akiwa na miaka 80, huku bei za dawa na mishahara ya wasaidizi zikipanda. PIP haimfuati. Huendelea kwa wiki 13 tu za kutokuwapo, au hadi 26 kama amesafiri kwa ajili ya matibabu, kisha hukoma. Pension Credit kwa kawaida hukoma baada ya wiki 4. Akihama moja kwa moja, basi, atabaki na zile pauni 164 peke yake, bila kitu kinacholipia ulemavu wake.

Wala asitegemee cha kuziba pengo hilo hapa. Zanzibar ina pensheni ya wazee wote waliofikisha miaka 70 tangu mwaka 2016, lakini Tanzania Bara haina. Mifuko yetu hulipa pensheni kwa waliochangia, na masharti yake ni miezi 180 ya michango. Nchi hizi mbili hazina mkataba wa kuunganisha michango, kwa hiyo miaka yake ya Leicester haitasomeka huku.

Sisemi asirudi. Kuishi kati ya ndugu, mahali ambapo msaidizi wa nyumbani anapatikana kwa gharama ndogo kuliko ya kule, kuna thamani ambayo jedwali la malipo halionyeshi, na ndugu yangu hakujutia. Nashauri tu kwamba ahesabu kwa kutumia pauni 164 na si jumla ya anachopokea leo, na kwamba aje kwanza kwa matembezi yasiyozidi wiki 4. Achague Juni au Julai, baridi ya Rungwe ikiwa kali, aone jinsi upande wake dhaifu unavyoivumilia, na jinsi atakavyofika hospitali kutoka nyumbani kwake mvua za masika zikiisha kuharibu njia. Awaarifu wahusika kabla ya safari.

Binti wa Makambako

Naongeza mambo mawili yaliyoisumbua familia yetu. Wanaolipwa pensheni hiyo wakiwa nje ya nchi hutumiwa cheti cha kuthibitisha kwamba wako hai, nacho hujazwa mbele ya shahidi na kurudishwa. Kisiporudi, malipo husimamishwa. Posta ya vijijini huchelewa, kwa hiyo atumie anwani ya sanduku la mjini ambalo mtu hulifungua kila wiki.

Jambo la pili linamhusu aliyepata kiharusi hasa. Ikiwa siku moja hataweza kusimamia mambo yake mwenyewe, ndugu anaweza kuomba kuteuliwa kuwa msimamizi wa malipo yake, na ni vema akasema mapema angependa awe nani. Kwa sasa, mpwa, mtafuteni aliye Leicester aende naye kwa washauri mwezi huu huu, kwa ajili ya ile sehemu ya mwendo.