Nimeuziwa "almasi ya Mwadui" kwa 1,850,000, kumbe ni moisanaiti (jiwe jingine linalofanana na almasi) kwenye pete ya fedha. Sonara ananiuliza tatizo liko wapi!

Wakuu habari za jioni. Mods naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa cheni za dhahabu feki, huu ni wa pete ya uchumba na jiwe lake, na hasira nilizonazo zinatosha uzi mzima. Wa kucheka mcheke, ila mfike mwisho.

Nianze na ujinga wangu kabla hamjaniandikia nyie. Nilikuwa na 1,850,000, hela ya miezi tisa, mchezo wa ofisini pamoja na vibarua vya Jumapili. Mbele yangu kuna mahari, kuna mkaja wa mama mkwe, kuna vikao, kwa hiyo pete ilikuwa na bajeti yake na haitanuki. Nikaingia dukani nikasema toka mlangoni, "Bosi, sina zaidi ya hii." Hapo ndipo nilipokufa. Ukishamtajia muuzaji kilichoko mfukoni, kila pete utakayotolewa itakuwa na bei hiyohiyo.

Duka lenyewe lipo katikati ya jiji, lina AC, lina mlinzi, unabonyeza kengele ndiyo unafunguliwa. Nikapewa na soda. Jamaa akaingia ndani akarudi na pete nyeupe yenye jiwe moja, limenyanyuliwa juu kwa meno sita, linawaka mpaka nikapepesa macho. "Hii almasi ya Mwadui ndugu yangu, ya nyumbani kabisa. Dhahabu nyeupe, karati 18. Za karati 9 zipo, lakini hizo siwezi kumpa mwanaume anayeoa."

Sasa mimi, na hapa ndipo pa kucheka, nikaelewa kwamba jiwe ndilo karati 18.

Karati ya dhahabu ni usafi wake: 24 ni dhahabu tupu, 18 ni robo tatu dhahabu na robo madini mengine. Karati ya jiwe ni uzito, moja ni gramu 0.2. Almasi ya duara ya karati moja ina upana wa milimita 6 na nusu hivi, ya nusu karati ni milimita 5 na kidogo. Neno moja, mambo mawili, na jamaa alikuwa anaruka kutoka hili kwenda lile kama konda anayebadilisha ruti abiria wakiwa ndani. Wakuu, ile almasi ya waridi ya Mwadui aliyozawadiwa Elizabeth mwaka 1947 alipoolewa, kabla hajawa Malkia, ilipokatwa ilibaki karati 23.6. Yaani mimi wa Tabata nilitoka pale nikiamini nimebakiza karati tano na ushee nimfikie Malkia wa Uingereza, kwa milioni moja na laki nane na nusu.

Hilo la Mwadui nalo nimelifuatilia baadaye. Mgodi upo kweli Kishapu, Shinyanga, Williamson aliugundua mwaka 1940, hakuna ubishi. Ila almasi ikitoka ardhini ni kama kipande cha chupa kilichosuguliwa na mchanga, inauzwa ghafi, na sehemu kubwa sana ya almasi za dunia inakwenda kukatwa Surat kule India. Anayekwambia hii imetoka Mwadui muulize ilikatwa wapi na karatasi yake iko wapi. Mimi sikuuliza kitu, nilikuwa na soda mkononi.

Kilichonimaliza ni kalamu. Mnaijua ile ya kupimia almasi, ina ncha ya chuma na taa ndogo pembeni? Akaigusisha kwenye jiwe, tiii, taa zikapanda mpaka mwisho. Akachukua kioo cha saa yake akagusisha, kimya. Akanipa nijaribu mwenyewe. Nikagusa, tiii. Nikamwangalia mlinzi na yeye akatikisa kichwa kukubali, kama na yeye ni mtaalamu. Mtu ungebisha nini tena?

Nikageuza pete nikaona ndani imegongwa 925. Nikauliza hii nini. "Hiyo namba ya modeli." Nikaridhika! Nina diploma mimi, jamani.

Risiti nikaandikiwa kwa mkono kwenye kile kitabu cha karatasi mbilimbili: "Pete 1 nyeupe ya jiwe, 1,850,000." Neno almasi halipo, dhahabu haipo, karati haipo. Nikaomba ya EFD, akasema ya mashine ipo ila itabidi tuongeze kodi. Bajeti yangu mnaijua. Nikaikunja ya mkono nikaondoka. Hapa wa TRA mnipige mawe, nimeyastahili.

Shemeji yenu nikamvisha mbele ya dada zake, akalia, picha zikapigwa, mambo safi.

Yeye ni fundi cherehani. Hii ni habari ambayo sonara yeyote mwenye nia njema angeiuliza kwanza kabla ya kutoa pete ya meno sita yaliyosimama kama uma. Wiki ya tatu jino moja likanasa kwenye lesi ya mteja, likavuta uzi kutoka begani mpaka kiunoni. Lesi ya harusi hiyo, ikabidi alipe. Jino lenyewe likafunguka, jiwe likaanza kucheza. Na kidole chini ya pete kikaanza kuacha duara jeusi, akawa analisugua kwa limao bila kuniambia. Hilo la limao ndilo linaloniuma kuliko hela.

Nikaichukua nikaipeleka kwa mzee mmoja Kariakoo, fundi wa vito, anakaa kwenye ngazi za ghorofa, meza yake haizidi ubao wa kukatia nyama. Nilitaka abane jino tu. Nikampa shikamoo, akaipokea, hakuangalia jiwe kabisa, akaangalia ndani. "Mwanangu, nani kakwambia hii dhahabu?" Nikamwambia dhahabu nyeupe. Akanionesha ile 925. "Hii ndiyo namba ya fedha. Sehemu 925 kwenye 1,000. Dhahabu ya 18 wanagonga 750." Weupe wa juu ni rangi ya rodiamu, madini meupe ya kung'arisha, imechovywa, na ilikuwa imeshaisha upande wa kiganjani.

Nikasema sawa mzee, basi angalau almasi. Akanipa lenzi. "Usiangalie kwa juu. Iinamishe kidogo, tazama mistari ya kule chini ya jiwe." Nikatazama. Kila mstari nauona miwili, kama mtu aliyetoka kunywa. "Almasi haioneshi mbili," akasema, akarudi kwenye kazi yake ya cheni kama hajaniambia kitu.

Nikamuuliza mbona kalamu ililia. Akacheka mpaka akavua miwani. Kalamu ile inapima joto linavyopita kwenye jiwe, na moisanaiti inapitisha joto karibu sawa na almasi. Vioo na zile zakonia, mawe ya kuigiza almasi ya bei chee, ndizo zinazonyamaza. Zipo kalamu nyingine zinazopima na umeme, hizo ndizo zinazotenganisha, lakini jamaa wa AC hawezi kununua kitu cha kumharibia biashara. Jiwe kama langu mzee alisema anaweza kuniletea kwa 90,000.

Nikarudi dukani. Kwanza wakanikana. Nikatoa risiti. Jamaa akasoma kwa sauti, taratibu: "Pete moja, nyeupe, ya jiwe. Hii siyo pete? Siyo nyeupe? Haina jiwe?" Nikataja moisanaiti, akabadilika: "Hiyo ni almasi ya maabara, teknolojia mpya." Uongo wa pili juu ya wa kwanza. Almasi ya maabara ni almasi kweli, ni kaboni ileile, tofauti ni kwamba imekuzwa kwenye mashine, na siku hizi bei yake imeshuka mno. Moisanaiti ni silikoni na kaboni, ni kitu kingine kabisa.

Mwenye duka akatoka ndani. Mtu mzima, kanzu safi. Akanishika bega. "Mdogo wangu, mchumba ulipomvisha alilia au hakulia?" Nikasema alilia. "Basi pete imefanya kazi yake. Tatizo liko wapi? Wewe ndiye uliyeenda kupima."

Nilitetemeka wakuu. Na akaongeza ya kwake kwamba mwanaume anapaswa kutoa mshahara wa miezi mitatu kwa pete, mimi nimetoa kidogo nategemea nini. Nimekwenda kusoma: hesabu za mishahara kwenye pete zimetoka kwenye matangazo ya De Beers, kampuni ya kuuza almasi. Mshenga wangu kaoa na kuozesha kwao Handeni miaka arobaini, hajawahi kuisikia.

Mwisho akataka nimwongeze 400,000 anibadilishie na ya tanzanaiti. Tanzanaiti naipenda, ni yetu, Mirerani, haipatikani kwingine. Lakini ugumu wake kwenye kipimo ambacho almasi ni 10 yenyewe ni 6 mpaka 7, na mchumba wangu anashinda anagonga mkono kwenye cherehani na mkasi. Nilijua hilo kwa sababu mzee wa ngazini alishanionya.

Naomba nieleweke. Mimi sina ugomvi na moisanaiti. Angeniambia, "Dogo, kwa hela hii chukua moisanaiti, jiwe gumu, linawaka, hela inayobaki weka kwenye dhahabu ya kweli ya njano, tulizungushie ukingo badala ya meno lisinase kwenye kitambaa," ningenunua siku hiyohiyo na ningemletea wateja. Au angenitafutia almasi ndogo ya maabara yenye cheti, namba ya cheti imeandikwa kwa leza kiunoni mwa jiwe, unaitazama kwa lenzi kisha unaihakiki kwenye tovuti ya waliotoa cheti. Mpenzi wangu hajawahi kutamka neno almasi maishani mwake. Almasi niliitaka mimi, na yeye alinisoma usoni.

Sasa nilipo ni hapa. Pete iko mfukoni mwangu. Shemeji yenu anajua iko kwa fundi inabanwa jino. Mzee wa Kariakoo anasema kwa 60,000 anaweza kukata meno yote na kulizungushia ukingo, itakaa miaka. Roho moja inasema atengeneze, nyingine inasema nisiingize hata mia kwenye uongo huu. Kuna yeyote humu aliyewahi kwenda Tume ya Ushindani na risiti ya mkono tu akasikilizwa? Na walioko kwenye ndoa: mnamwambiaje mtu kitu kama hiki, au hamwambii?

Jumamosi kuna kitchen party ya dada yake na ameshaniuliza mara mbili pete inarudi lini.