Nairobi inabomolewa wikendi na hakuna aliyepima hata dirisha moja!

Wadau, nina hasira na sitaki zipoe kabla sijaandika.

Kuna nyumba Ngara, ploti siitaji, niliyokuwa nikiifuatilia katika utafiti wangu wa nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi za kabla ya uhuru. Mawe ya kuchonga kwa mkono, baraza ya mbele yenye nguzo za mbao, vigae vya udongo vyenye chapa ya Mangalore, India, vilivyovuka bahari hadi Mombasa kisha vikapanda reli. Juu ya mlango, jina la mwenyewe kwa Kigujarati, limefinyangwa kwenye plasta. Ijumaa jioni mabati yakazungushwa. Jumatatu asubuhi nyumba hakuna. Milango ya mvule imeegemezwa kando ya barabara, watu wanapatana bei. Vigae vimekuwa kifusi. Namuuliza mlinzi kibali kiko wapi, ananionyesha bango la ghorofa zinazokuja. Eti hicho ndicho kibali.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilishaomba, mapema kabisa, kuona ramani za nyumba ile katika ofisi moja ya umma. Leta barua. Nikaleta. Hapana, iwe na muhuri wa chuo. Ikaja na muhuri. Mwenye ufunguo yuko likizo. Mara faili liko stoo ya chini, na stoo iliingia maji. Mwisho jamaa ananivuta kando: "Toa ya chai nikutafutie." Yaani karatasi ya umma, inayoliwa na mchwa, mimi ndiye nitoe hongo ili niipige picha isipotee!

Na msije mkaniambia kuna sheria. Ipo, ya mwaka 2006, ya Makumbusho ya Taifa na Turathi. Isome. Jengo hulindwa likishatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la serikali. Ambalo halijatangazwa ni mawe tu, mwenyewe afanye atakavyo. Na hapa Nairobi waliotangulia kutangazwa ni akina nani? Benki, ofisi za wakoloni, makanisa. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 na kumfungia Mwafrika mlango mpaka 1958, ina sheria yake peke yake ya Bunge! Sisemi iachwe ianguke, naipenda. Lakini nyumba za Eastlands, walimokaa waliojenga mji huu na kuutumikia, nani amezitungia sheria?

Pangani imefutwa mara mbili, wadau. Ile ya kwanza, kijiji cha Waafrika, ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wakapelekwa Shauri Moyo. Baadaye jina likabaki na mtaa wa kaunti, nao umevunjwa miaka michache iliyopita kupisha magorofa. Nenda sasa kamtafutie mjukuu wako mchoro wa chumba kimoja cha Pangani ile ya kwanza. Kaloleni bado ipo, iliyojengwa miaka ya 1940, nyumba zimezunguka ukumbi wa kijamii ambamo siasa za uhuru zilichemka. Shirika la Book Bunk walipokarabati maktaba ya pale, na ile ya Makadara, walionyesha kwamba inawezekana. Lakini hao ni watu binafsi wanaochangisha pesa. Kaunti yenye hizo nyumba iko wapi?

Atatokea mtu hapa aseme watu wanahitaji makao, maendeleo hayazuiliki. Sijazuia. Kuna nyumba zimechoka, choo kimoja watu wengi, bomoa! Ninachodai ni kimoja: pasitolewe kibali cha kubomoa nyumba ya kabla ya 1963 kabla haijapimwa na kupigwa picha, na nakala ikawekwa mahali ambapo raia yeyote anaingia na kuisoma bure. Gharama yake? Tepu ya mita thelathini, ngazi, simu yenye kamera nzuri, watu wawili. Nyumba ya kawaida mnaimaliza kwa siku. Mzunguke kila chumba mkipiga picha zinazopandana, programu inawatolea umbo zima la nyumba kwenye kompyuta. Halafu mkae na mama aliyezaliwa humo awaambie jiko lilikuwa wapi, mgeni alilala wapi, ukuta upi uliongezwa baadaye, maana hayo tepu haiyajui. Wanafunzi wa usanifu majengo wamejaa mji huu wakitafuta kazi za kozi. Badala yake wanachorea viwanja vya ndege vya kuwaziwa!

Na msiseme kelele hazisaidii. Mwaka 1991 walitaka kuweka majengo juu ya Jeevanjee Gardens, bustani ya umma tuliyopewa 1906 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee mwenyewe, akasimama na watu wakasimama naye. Leo mnakula hapo lunchi ya mahindi choma mkisikiliza wahubiri.

Sasa kazi. Mwenye picha ya zamani ya Ngara, Pangani, Muthurwa, Ziwani, Starehe, Makongeni, Majengo, aiweke hapa chini, aandike mtaa na mwaka. Iwe ya harusi, ya Idi, ya timu ya mpira, sijali, mradi ukuta unaonekana nyuma. Msizikate pembeni! Hapo pembeni ndipo penye mlango na dirisha ninavyotafuta.