Umri 61, hana kisukari: metformini na NMN kweli vinarudisha ujana?

Nusu_Karne: Wakuu, naomba ushauri. Mwanamume, miaka 61, hana kisukari, figo hazijapimwa, ananyanyua vyuma mara tatu kwa wiki. Mpango ni metformini (dawa ya kisukari) miligramu 1,000 kwa siku pamoja na NMN (kirutubisho cha vidonge), halafu kupima "umri wa kibaiolojia" kabla ya kuanza na baada ya miezi mitatu. Una mantiki? Na rapamisini je?

Dozi_Sahihi: Mkuu, kupunguza kasi ya kuzeeka ni jambo moja, kurudisha umri nyuma ni jingine kabisa. Metformini, hata ikifaa, iko kwenye lile la kwanza. Jaribio la TAME la mtafiti wa uzee Nir Barzilai, la kuona kama metformini inachelewesha uzee, lilipangwa kwa watu 3,000 wa miaka 65 hadi 79 kwa miaka 6, likakaa miaka mingi likitafuta fedha. Dawa ya bei chee nani atamwaga mabilioni kuifanyia utafiti?

Kikwazo chako ni hivyo vyuma. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa watu wa miaka 65 na zaidi waliofanya mazoezi ya uzito wiki 14. Waliokunywa metformini waliongeza misuli kidogo kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Yaani unajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Ukiamua kuendelea, pima kreatinini kwanza (takataka ya damu inayoonyesha figo zinachuja vipi). Uchujaji wa figo ukiwa chini ya mililita 45 kwa dakika usianze. Chini ya 30 ni marufuku, asidi ya laktiki inaweza kujaa mwilini. Ukitumia muda mrefu, pima vitamini B12. Ikishuka huleta ganzi miguuni, na watu husema "uzee huo".

NMN huongeza NAD (molekuli ambayo seli huitumia kupata nishati) kwenye damu, hilo halina ubishi. Kuongeza maisha ni hadithi nyingine: ndugu yake, nikotinamidi ribosaidi, alijaribiwa kwa panya na hawakuishi zaidi.

Kidawa: Rapamisini ndiyo yenye ushahidi mzito, ila wa panya. Mwaka 2009 walianzishiwa wakiwa na siku 600, sawa na binadamu wa miaka 60 hivi. Majike waliongeza maisha kwa 14%, madume 9%. Kwa binadamu ni dawa ya waliopandikizwa figo: inashusha kinga, inaleta vidonda mdomoni, inapandisha lehemu, jeraha linachelewa kufunga. Ukichanganya na klarithromisini, ketokonazoli au juisi ya balungi, kiwango chake kwenye damu kinapaa. Usiguse bila daktari.

Saa_ya_DNA: Hicho kipimo nacho kina mtego. Vipimo hivi huitwa "saa": ile ya mwanasayansi Steve Horvath ya 2013 hukadiria umri kwa kusoma alama za kemikali kwenye sehemu 353 za DNA. Sampuli ileile ikipimwa mara mbili, majibu yanaweza kupishana miaka kadhaa; kwa baadhi ya saa hadi 9. Mafua tu yanabadilisha mchanganyiko wa seli nyeupe na kuvuruga jibu. Kwa hiyo toa sampuli mbili siku moja, zipeleke kwa namba tofauti. Tofauti utakayoiona ndiyo kelele ya kipimo. Badiliko la miezi mitatu lisipoizidi, hujapata kitu.

Nusu_Karne: Na wale panya wa maabara waliorudishwa ujana kwa doksisaiklini, ile dawa ya bakteria? Si inauzwa duka la dawa?

Dozi_Sahihi: Hahaa, hapana! Panya wale wa 2016 wa mtafiti Izpisua Belmonte walikuwa wameshapandikizwa jeni nne za Yamanaka, zinazorudisha seli kwenye hali ya uchanga. Doksisaiklini ilikuwa swichi tu: siku 2 inawashwa, siku 5 inazimwa. Ikiachwa imewashwa, seli zinasahau kazi yake, ini na utumbo vinafeli, uvimbe unaota. Maabara ya mtafiti wa uzee David Sinclair mwaka 2020 iliacha c-Myc, mojawapo ya hizo nne, yenye sifa mbaya ya saratani, ikatumia tatu zilizobaki kwenye neva ya jicho la panya. Huko ndiko kuna kurudisha umri hasa. Wewe ukinywa doksi utaua bakteria wa tumboni, basi.

Kidawa: Kwa miezi hiyo mitatu, pima vinavyosomeka: presha, kiuno, na mara ngapi unasimama kutoka kwenye kiti bila kushika, kwa sekunde 30. Mwanamume wa miaka 60 hadi 64 akishindwa kufikisha mara 14, aanzie mazoezi ya miguu. Protini gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Dagaa na maharage vinatosha.

Nusu_Karne: Mpango wa metformini nimeusitisha kwanza. Kreatinini inapimwa Jumatatu.